Kabla ya Kuamua Liwe Nini, Tuzuie Maji: Hotuba kuhusu Jumba la Tippu Tip, Shangani

Hotuba hii ilitolewa mbele ya wakaazi wa Shangani na mitaa ya jirani, Mji Mkongwe, Unguja. Inachapishwa kamili kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani zimeachwa.

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh.

Mheshimiwa Sheha, wazee wetu, akina mama wa Shangani, mafundi, watembeza wageni, vijana wa skuli, na nyote mliofika: nashukuru kupewa nafasi hii. Nimeombwa nizungumzie jumba la Tippu Tip, na najua kwamba humu ndani hatukubaliani. Wako wanaotaka liwe makumbusho. Wako wanaotaka akabidhiwe mwekezaji aligeuze hoteli, kwa hoja kwamba hakuna mwingine mwenye fedha za kulikarabati. Wako wanaosema liachwe lianguke lenyewe, kwa sababu mwenyewe alikuwa mfanyabiashara ya watumwa na sisi hatudaiwi naye chochote. Na wako wanaoishi ndani yake, ambao mikutano kama huu huwazungumza sana na kuwauliza kidogo.

Nimekuja na neno moja tu, na nitalirudia mpaka mnichoke. Kabla ya kuamua jumba lile liwe nini, tuzuie maji yasiingie. Makumbusho yanahitaji paa. Hoteli inahitaji paa. Familia zilizomo zinahitaji paa, tena leo, si baada ya kikao kijacho. Na hata yule anayetaka lianguke, namwomba akumbuke kwamba nyumba ya mawe ikianguka haichagui itamwangukia nani uchochoroni.

Lakini nianze na huyo anayetaka lianguke, kwa sababu hoja yake ndiyo nzito kuliko zote, na haistahili kujibiwa kwa mkato.

Hamed bin Muhammed el-Murjebi, ambaye dunia inamjua kwa jina la Tippu Tip, alizaliwa hapa Unguja katika miaka ya 1830 na akafariki hapa hapa mjini mwezi wa Juni mwaka 1905. Baina ya miaka hiyo aliongoza misafara iliyopita Tabora na Ujiji, ikavuka ziwa, ikaingia Manyema na misitu ya Kongo, kutafuta pembe za ndovu na kukamata watu. Mwaka 1887 alikubali kuwa gavana wa Stanley Falls kwa niaba ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Alirudi Unguja akiwa miongoni mwa matajiri wakubwa wa mji huu, mwenye mashamba na watumwa wengi, na akapata wasaa wa kuandika habari za maisha yake kwa Kiswahili. Kwa hiyo sauti yake tunayo, tena kwa lugha yetu wenyewe. Sasa nawauliza: sauti za wale waliobeba pembe zake mabegani kutoka Manyema hadi pwani ziko wapi? Nani aliwaandikia? Nani aliwauliza majina?

Hawakuacha vitabu. Hawakuacha makaburi yenye maandishi. Walichoacha ni kile kilichojengwa kwa jasho lao, na sehemu yake iko pale Shangani, ina mlango wa nakshi na ngazi za marumaru nyeusi na nyeupe. Ndugu zangu, tukilibomoa jumba lile hatumwadhibu Tippu Tip. Yeye alishaondoka, na kitabu chake kimebaki. Tunayemfutia ushahidi ni mpagazi.

Na hili si la kufikirika, kwa sababu mji huu umeshalifanya mara moja, nalo limefaulu. Tuende Mkunazini. Mwezi wa Juni mwaka 1873 Sultani Barghash bin Said, akishinikizwa na Waingereza, alitia saini mkataba wa kuzuia biashara ya watumwa kwa njia ya bahari, na soko la watumwa lililokuwa pale likafungwa. Mahali pale pangeweza kuachwa pakasahaulika, likawa eneo kama maeneo mengine. Badala yake likajengwa kanisa kuu la Waanglikana chini ya usimamizi wa Askofu Edward Steere, na hadi leo watu wa dini zote na wasio na dini huingia pale, hushuka katika vyumba vya chini vyenye dari fupi, na hutoka wakiwa kimya. Katika miaka ya 2010 kanisa lile lilikarabatiwa na kituo cha maonyesho ya historia ya utumwa kikafunguliwa pembeni yake. Je, kuna mtu aliyetoka Mkunazini akiwa anawasifu waliouza watu? Mimi sijamsikia.

Mkunazini inatuonyesha watu walivyouzwa. Shangani inatuonyesha faida ilikokwenda. Ni mwendo wa dakika chache kwa miguu kutoka pale hadi hapa, na mwanafunzi anayeona mahali pa kwanza bila ya kuona pa pili ameelezwa nusu ya habari. Ameambiwa kwamba utumwa ulikuwa huzuni. Hajaambiwa kwamba ulikuwa biashara yenye hesabu, yenye wakopeshaji, yenye majumba mazuri na majirani walioyasifu.

Niongeze jambo la kiserikali hapa, kwa ufupi. Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000, na miongoni mwa sababu zilizoandikwa ni nafasi ya Zanzibar katika historia ya utumwa na ya kuupiga vita. Orodha hiyo si cheti cha milele. Dresden ya Ujerumani ilitolewa mwaka 2009, na Liverpool, mji wa bandari ambao nao ulitajirika kwa watumwa, ukatolewa mwaka 2021. Wanaodhani kwamba sisi hatuguswi wakalifikirie hilo wakifika nyumbani.

Sasa nije kwenye maji, na hapa mtanivumilia, kwa sababu nitakaa kidogo.

Methali ya ufa na ukuta mnaijua nyote, kwa hiyo sitaisema. Nitasema tu kwamba katika majumba yetu ufa huja mwisho. Wa kwanza kuingia ni maji. Ukishauona ufa, ujue kazi ilishafanyika zamani mahali ambapo hukupatazama.

Kuta za Mji Mkongwe zina unene wa nusu mita na zaidi, nazo ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa na udongo. Chokaa hiyo ilipatikana kwa kuchoma matumbawe yale yale juu ya tanuri la magogo, kisha ikazimwa kwa maji na kuachwa ikomae kabla ya fundi kuigusa. Dari zinabebwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti haizidi sana mita tatu, vyumba vyetu vimekuwa virefu na vyembamba, hata katika majumba ya matajiri wakubwa: tajiri aliweza kununua mlango kutoka popote na marumaru kutoka ng'ambo, lakini hakuweza kununua mkoko mrefu kuliko ulivyoumbwa. Juu ya boriti vikapangwa vipande vya mawe, ikamwagwa chokaa iliyochanganywa na kokoto, ikapigwa kwa magongo ya mbao kwa siku nyingi mpaka ikashikana.

Nyumba ya namna hii ina tabia yake. Ukuta wake hunywa unyevu wakati wa masika na kuutoa polepole jua linaporudi. Ndivyo ulivyokusudiwa. Lipu ya chokaa huchakaa, hubanduka, na mwenye nyumba huipaka tena. Ni lipu inayojitoa ili ukuta usidhurike. Sasa tukafanya nini sisi? Tukaona kubanduka kule ni aibu, tukaleta saruji. Saruji ni ngumu, ni nyepesi kupatikana, na fundi wa siku hizi amefundishwa hiyo tu. Tukaipaka nje na ndani, nyumba ikapendeza kwa misimu kadhaa. Lakini maji ya juu yaliendelea kuingia, na safari hii hayakuwa na njia ya kutoka. Yakakaa ndani ya ukuta, yakailainisha chokaa mpaka ikarudi kuwa unga, yakazifikia boriti.

Na yakifika kwenye boriti huanza wapi? Si katikati, ambapo wewe uliyelala kitandani unaweza kuona doa. Huanza kwenye kichwa cha boriti, ile sehemu iliyozama ndani ya ukuta. Fundi mmoja mkongwe alinionyesha jambo hili katika nyumba ya mtaani kwetu. Alibandua lipu ya saruji pembeni ya dari, akachukua bisibisi ya kawaida, akaisukuma kwenye kichwa cha boriti kwa kidole gumba. Ikazama mpaka kwenye mpini. Kisha akasogea hatua mbili, akaigonga boriti hiyo hiyo katikati kwa nyundo, ikalia kama chuma. Mti mmoja, mzima katikati, umeoza kichwani. Chini ya boriti ile palikuwa na meza ya chakula, na watoto walikuwa wanafanya kazi zao za skuli.

Tena maji hayatoki mbinguni peke yake. Jumba lililojengwa kwa ajili ya familia moja likagawiwa familia nyingi, kila moja ikahitaji choo na jiko, na mabomba yakapitishwa palipopitika. Bomba linavuja ndani ya ukuta miaka nenda rudi na hakuna anayejua ni la nani. Mkondo wa paa unaziba kwa majani. Kunguru anadondosha mbegu, mche wa mkuyu unaota kwenye ufa wa juu, sisi tunaupiga picha kwa kuwa unapendeza, na mizizi inashuka ndani ya ukuta ikiyafungulia maji njia. Halafu, kwa kuwa maji ya mfereji hayaaminiki, tunapandisha tangi darini. Tangi la lita 1,000 likijaa ni tani moja. Tani moja, ndugu zangu, juu ya boriti ambazo vichwa vyake hatujavitazama.

Mwataka ushahidi mkubwa zaidi? Nendeni Forodhani mkalitazame Beit al-Ajaib, yaani Jumba la Maajabu. Lilijengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, kwa nguzo na mihimili ya chuma iliyowezesha kumbi pana ambazo boriti zisingeweza kuzibeba. Lilikuwa fahari ya pwani nzima. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Kiingereza zililipiga mizinga eneo la ikulu katika vita visivyofika saa moja. Mnara uliokuwa mbele yake uliharibika, majengo ya jirani yakabomoka, nalo likabaki limesimama, na baadaye likawekewa mnara wa saa. Mwaka 2012 sehemu yake ilianguka na makumbusho yaliyokuwemo yakafungwa. Ikapita miaka minane. Tarehe 25 Disemba 2020, wakati kazi kubwa ya ukarabati ikiwa hatimaye inaendelea, sehemu kubwa ya mbele pamoja na mnara wa saa iliporomoka, na watu wawili wakapoteza maisha. Mizinga haikuliangusha. Kuchelewa ndiko kulikoliangusha.

Sasa tembeeni kidogo tu kwenye barabara hiyo hiyo ya pwani, kuelekea bandarini, mkalitazame jumba la Tharia Topan, ambalo wazee wanaliita Dispensari ya Zamani. Lilianza kujengwa mwaka 1887, likatumika kwa matibabu kwa miongo mingi, na baada ya Mapinduzi ya 1964 likaachwa likachakaa hadi mabaraza yake yale ya mbao yenye nakshi yakawa yananing'inia. Wengi walishalikatia tamaa. Katika miaka ya 1990 taasisi ya Aga Khan ililikarabati, kwa chokaa na kwa mafundi waliojifunza upya kazi za wazee wao, na mpaka leo limesimama. Majumba mawili, upepo mmoja wa bahari, chumvi moja. Tofauti ni kwamba moja lilifikiwa mapema kidogo.

Nasema kidogo. Sisemi kwamba lilifikiwa mapema sana.

Jambo la tatu linawahusu wanaoishi humo, na nitasema wazi kwamba hapa natofautiana na baadhi ya wenzangu wapenzi wa historia. Kuna kauli ninayoisikia kila mara: wakaazi ndio wanaoliharibu jumba, watolewe kwanza. Nauliza: tuoneshwe jumba la Mji Mkongwe lililofungwa milango, likakaa tupu, likapona. Nyumba tupu haina mtu wa kusikia tone linadondoka usiku. Haina mtu wa kupanda darini kuondoa majani. Mkaazi, hata akiwa amelizidi jumba kwa mahitaji yake, ndiye mlinzi pekee lililo naye.

Niwape habari ya mama mmoja mtu mzima, mpangaji wa ghorofa ya juu katika nyumba ambayo sitaitaja. Bati lilitoboka juu ya chumba chake. Akaenda kwa mwenye nyumba, akaambiwa asubiri. Akataka kununua bati mwenyewe, akaambiwa hana ruhusa ya kugusa paa, na kweli hakuwa na mkataba wowote wa maandishi wa kumpa ruhusa hiyo. Masika ikaingia. Akapanga mabeseni sakafuni, akafunga nailoni chini ya dari kwa kamba, akaifanyia mteremko maji yaelekee dirishani. Kazi safi, wallahi. Mhandisi asingeifanya vizuri zaidi kwa vifaa vile. Lakini fedha zake za nailoni na kamba, na mabeseni, na godoro lililooza, zingetosha kununua bati na kumlipa fundi wa siku moja. Yule mama hakukosa mapenzi na nyumba. Alikosa karatasi.

Kwa hiyo hoja ya nani mwenye nyumba, ambayo tunabishana nayo kila tukikutana, kwa mambo ya paa ni ya pili. La kwanza ni nani ameandikiwa kwamba paa ni lake kulitunza, na kwa fedha gani. Napendekeza iandikwe katika mikataba ya majumba ya aina hii kwamba sehemu ya kodi inayolipwa na wapangaji ibaki katika jumba lenyewe kwa matengenezo ya kila mwaka, isimamiwe na wapangaji wenyewe pamoja na mwenye mali. Napendekeza ruhusa za kazi ndogo ndogo, kama kuziba bati, kusafisha mkondo, kupaka chokaa mahali palipobanduka, zitolewe kwa siku chache na si kwa misimu. Mamlaka ya Mji Mkongwe tunayo tangu 1985 na mpango wa uhifadhi tangu 1994. Hatuhitaji kubuni chombo kipya, tunahitaji vilivyopo vimfikie mama wa ghorofa ya juu kabla ya mvua.

Na hoteli je? Sina ugomvi na hoteli. Zipo katika mji huu zilizokarabatiwa kwa heshima, na bila ya wageni vijana wengi hapa wasingekuwa na ajira. Lakini tuulize swali la fundi. Hoteli inataka choo na bafu katika kila chumba. Jumba lenye vyumba vyembamba vinavyobebwa na boriti za mikoko litapata mabomba mangapi, na matangi mangapi darini, na saruji kiasi gani ya kuvifunika? Mwekezaji anayeweza kulijibu swali hilo kwa michoro, kwa chokaa, na kwa kutuonyesha familia zilizomo zitakaa wapi, asikilizwe. Asiyeweza, hata awe na fedha za namna gani, analipeleka jumba kulekule linakokwenda sasa, ila kwa rangi mpya. Kuna na hili: mji ambao usiku hauna mtu anayelala ndani yake isipokuwa mgeni wa siku tatu, baraza zake zitakaliwa na nani? Bustani ya Forodhani ilipotengenezwa upya na kufunguliwa mwaka 2009, wengi tulihofu kwamba imetengenezewa wageni. Nendeni jioni mkaone watoto wanaoruka baharini ni wa nani. Inawezekana, basi, kutengeneza mahali bila ya kuwafukuza wenyewe.

Najua kuna watakaosema kwamba nimekwepa swali, kwamba niliulizwa jumba liwe nini nami nikazungumzia mabati. Kweli sijalijibu. Binafsi ningependa ghorofa ya chini iwe mahali pa kueleza habari za wapagazi na misafara, na za juu zibaki makaazi ya watu. Lakini hayo ni maoni yangu, yanaweza kushindwa katika kikao na nisinune. Lisiloweza kushindwa ni kwamba mawe yaliyoporomoka hayawi makumbusho wala hoteli wala nyumba ya mtu.

Wakaazi wa jumba wamekubali, na nawashukuru kwa dhati kwa kuwa hawakulazimika, kwamba Jumamosi ijayo asubuhi tupande darini pamoja nao. Mafundi wawili wa chokaa watakuwepo. Kazi ya siku hiyo ni kutazama tu na kuandika: bati gani limetoboka, mkondo gani umeziba, mche gani umeota, bomba gani linavuja, vichwa vya boriti vipi vimelainika. Hatutagusa ukuta, hatutabandua kitu bila ya ruhusa ya Mamlaka. Orodha hiyo itapelekwa kwa mwenye mali, kwa Mamlaka na kwa Sheha, nakala itabaki kwa wakaazi, na tutakutana tena hapa hapa kabla ya masika kuulizana kipi kimezibwa. Vijana wa skuli mnakaribishwa, lakini wanne tu kwa wakati mmoja, na mtaelewa kwa nini baada ya niliyoyasema kuhusu boriti. Anayekuja avae viatu visivyoteleza. Mwenye ngazi ndefu atuambie leo, kwa sababu tuliyoahidiwa ni fupi na haifiki ukingo wa paa.

Ahsanteni kwa kunisikiliza. Maswali yaanze na wanaoishi mle ndani.